Mfongo wa Bibi na Paa la Baba Mdogo

Wadau, nimekuwa kimya kwa muda. Kazi za gazeti mnazijua, mhariri akikukamata hupumui. Leo nimepata nafasi, na nina jambo ambalo limenikaa kichwani tangu Pasaka.

Pasaka hiyo nilipanda basi la alfajiri kutoka Dar, nikashuka Kwa Sadala saa kumi jioni, nikachukua bodaboda kupandisha Masama. Masika ilikuwa imechachamaa. Nilifika nyumbani nimelowa chapachapa, tope mpaka magotini. Nikasalimia wakubwa, nikaomba maji ya kuoga. Jibu nililopewa: "Maji hakuna. Bomba limekata, leo siku ya tatu."

Hebu fikirini. Mvua inapiga bati mpaka hatusikilizani, mtaro wa barabarani umefurika, halafu ndani ya nyumba hakuna maji ya kunawa uso. Ndiyo kwanza mdogo wangu alikuwa anapandisha kilima na dumu la lita 20 kichwani, katoka mtoni, na maji yenyewe rangi ya chai ya maziwa. Sababu ya bomba kukata ni hiyo hiyo mvua: kwenye chanzo huko juu maji yalikuja na tope na magogo, yakaziba. Kwa hiyo maji yamekatika kwa sababu yamezidi. Kama si uchovu ningecheka.

Kesho yake asubuhi nikaenda kumwona Baba mdogo, ambaye anajenga hapo hapo kwenye kihamba cha ukoo. Nyumba nzuri kweli, ya kisasa, paa lile la kuficha ambalo ukiwa barabarani hulioni. Maji yote ya paa yanatoka kwenye matundu mawili nyuma ya nyumba, yanaanguka kama maporomoko, yanachimba udongo, yanakimbilia kwenye migomba ya jirani. Na mbele ya nyumba fundi alikuwa anamwaga kifusi kwenye mfereji wa zamani unaokatisha kihamba, ili pawe na njia ya gari.

Bibi alikuwa amesimama kibarazani kwake, mwavuli mkononi, anaangalia. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Huo ni mfongo wa baba yenu. Mnaufukia, maji mtayapeleka wapi?"

Hilo swali ndilo lililonifanya nianze kusoma na kuuliza wazee. Na nilichokikuta ni kwamba habari hii ya "nyumba inayotunza maji", ambayo siku hizi tunauziwa kwenye semina kama kitu kipya kutoka Ulaya, kwetu mlimani ina historia ndefu kuliko umri wa Tanganyika.

Tuanze na mfongo wenyewe. Kwa wasiojua, mfongo ni mfereji ambao Wachagga waliuchimba kutoka mtoni, juu kabisa karibu na msitu, kuleta maji kwenye vihamba. Ikiwa mingi ni mifongo. Kilimanjaro ina mito mingi, lakini mito hiyo imejichimbia kwenye makorongo marefu, na watu wanaishi juu ya migongo katikati ya makorongo. Maji unayaona kule chini, huwezi kuyafikia bila kuvunjika kiuno. Wazee walifanya nini? Walipanda mpaka mahali ambapo mto haujazama sana, wakaweka banio la mawe, matawi na udongo, wakayachepusha maji, wakayatembeza taratibu kwenye ubavu wa kilima mpaka yakatokea juu ya mgongo. Hawakuwa na darubini ya kupimia mteremko. Jicho, na maji yenyewe kuwaonyesha. Penye kijikorongo walivusha kwa gogo lililotobolewa.

Mashuleni tulifundishwa kwamba mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na wasomi wa Ulaya wakambishia. Sawa. Lakini hatukuambiwa kwamba Mwingereza Harry Johnston, aliyekaa Moshi mwaka 1884, aliikuta mifereji hii inafanya kazi kila mahali na akaistaajabia kwenye kitabu chake. Watafiti wa karne ya 20 walikadiria mifongo mikuu ipatayo 500, ambayo ukiunganisha urefu wake unapata kama kilometa 1,800. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya safari yangu ya basi kutoka Dar. Na yote ilichimbwa kwa mikono.

Mfongo ulikuwa na wenyewe. Mara nyingi ukoo uliouchimba ndio uliousimamia, ukiwa na mzee wake wa kugawa zamu. Siku ya kusafisha watu waliitwa, na asiyetokea alitozwa faini, pengine mbege, pengine mbuzi. Usiku, wakati hakuna anayemwagilia, maji yalikusanywa kwenye bwawa dogo, yakafunguliwa asubuhi yakiwa na nguvu. Wapare, majirani zetu, wanayo mabwawa ya namna hiyo wanayoyaita ndiva. Kwa maneno mengine, wazee walishaona kwamba maji yanayopita usiku huku umelala ni maji uliyoyatupa.

Ila jambo ambalo mimi binafsi lilinigusa zaidi ni lile la ndani ya boma. Bibi alinieleza ratiba ya maji utotoni mwake, akihesabu kwa vidole. Alfajiri kabla ya kupambazuka, wanawake na watoto wanateka maji ya kunywa na kupikia, maana hapo mfongo bado haujakanyagwa na mtu wala mnyama. Baada ya hapo ni zamu ya shamba. Na yale yaliyoingia ndani hayakutoka bure. Maji ya kuoshea ndizi alipewa ng'ombe, ambaye kwetu hufungiwa bandani na kuletewa majani. Maji ya vyombo yalimwagwa kwenye shina la mgomba, kila siku mgomba mwingine. Maji ya kuogea watoto yalielekezwa kwenye magimbi, kwa sababu gimbi linapenda miguu yake iwe kwenye unyevu. Kisha samadi ya yule ng'ombe inarudi kwenye mgomba, na majani ya mgomba yanarudi kwa ng'ombe.

Tone moja la maji, kazi tatu. Hakuna aliyeita hiyo teknolojia. Lakini huo mpangilio wa kihamba, pamoja na kahawa, migomba na miti mirefu juu yake, ndio uliofanya FAO mwaka 2011 iutambue mfumo wa vihamba, kwa mfano wa Shimbwe Juu kule Moshi Vijijini, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo duniani.

Sasa nisije nikaonekana nawauzia zamani yenye sukari tupu. Mfongo ulikuwa na ubaya wake. Maji yalipita kwenye maboma mengi kabla ya kufika kwako, na aliyekuwa chini alikunywa mapito ya aliye juu, pamoja na maradhi yake ya tumbo. Halafu mikutano ya mfongo ilikuwa ya wanaume. Kwa desturi mwanamke hakuruhusiwa hata kukaribia banio. Yaani yule anayebeba maji kila siku ndiye asiyekuwa na neno kuhusu maji. Bibi alipofika hapo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sisi tulisubiri tu waamue."

Na hapa ndipo linapoingia bati.

Nyumba za zamani ziliezekwa kwa nyasi na majani makavu ya migomba. Mvua ya paa la nyasi huwezi kuipikia, inashuka na rangi na takataka. Bati lilianza kuonekana na wamisionari; Walutheri wa Leipzig waliingia Machame mwaka 1893. Lakini kwa mwananchi wa kawaida bati lililetwa na kahawa. Wakulima walianzisha umoja wao wa kwanza, KNPA, mwaka 1925, ukafuatiwa na KNCU mwaka 1933, na bei ya kahawa ilipopanda miaka ya 1950, paa baada ya paa liling'aa mlimani. Babu aliezeka bati kwa kahawa ya miaka hiyo. Bibi naye akachukua pipa tupu la mafuta, akaliosha kwa majivu na maji ya moto, akaliweka kwenye pembe ya nyumba chini ya kipande cha bati kilichokunjwa.

Nilimwuliza kwa nini analikumbuka hilo pipa kuliko hata harusi yake. Akasema, "Yale yalikuwa maji yangu. Sikumngoja mtu anipe zamu."

Wadau, nimesoma ripoti nyingi za maji kwa ajili ya kazi, sijakuta sentensi iliyoeleza uvunaji wa mvua kuzidi hiyo. Paa lilimpa mama wa nyumbani maji ambayo hayapiti kwenye kikao cha mtu yeyote.

Kisha likaja bomba. Baada ya Uhuru serikali ilichukua jukumu kubwa. Tangu 1965 ililipa gharama zote za kujenga miradi ya maji vijijini, na mwaka 1971 ukatangazwa mpango wa miaka 20, kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji safi ndani ya mita 400. Lengo halikufikiwa, fedha ziliisha. Kwetu Hai ahueni kubwa ilikuja miaka ya 1990 na baadaye kwa msaada wa Wajerumani, ikajengwa miradi kama Uroki-Bomang'ombe na Losaa-KIA, ikiwa na mita na bodi za watumiaji. Tangu 2019 maji ya vijijini nchi nzima yako chini ya RUWASA na vyombo vya watumiaji ngazi ya jamii.

Bomba limeokoa maisha, tusiwe wanafiki. Hakuna anayetaka mwanawe anywe maji ya mfongo. Lakini angalieni lilichokiondoa kimyakimya. Mfongo ulipoacha kuwa maji ya kunywa, watu waliacha kwenda kuusafisha. Vijana tuko Dar, Arusha, Mwanza. Nani atakwenda na jembe siku ya mfongo? Tena sheria ya mwaka 1974 ilifanya maji yote kuwa mali ya umma, na tangu ofisi ya bonde la mto Pangani ilipoanzishwa mwaka 1991, kuchepusha mto kunahitaji kibali na ada. Serikali nayo ina hoja: maji yale yale ya mlimani ndiyo yanayokwenda Nyumba ya Mungu na kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu kama laki 6 na nusu kwenye sensa ya 1967; sensa ya 2022 imetuhesabu zaidi ya milioni 1.8. Mlima ni ule ule. Barafu kileleni imepungua kwa asilimia 85 kati ya 1912 na 2007, ingawa wataalamu wanasema mito yetu inalishwa zaidi na mvua na ukungu unaonaswa na msitu kuliko hiyo barafu. Kwa hiyo msitu ukiungua, ndipo tuogope.

Lililo kubwa zaidi kwangu ni tabia. Mfongo ulikufundisha kwamba maji yana aliyeko juu yako na aliyeko chini yako. Bomba linakufundisha kufungua na kufunga. Likikata, unalaumu wahusika. Maji machafu yakishaingia kwenye shimo, si yako tena.

Nilirudi kwa Baba mdogo na kalamu. Paa lake lina mita 12 kwa 15, yaani mita za mraba 180. Hesabu ni ya darasa la saba: mvua ya milimita 1 ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Mvua moja nzuri ya masika ya milimita 30 inamwagia paa lake lita 5,400. Hayo ni madumu 270 ya yule mdogo wangu aliyekuwa anapandisha kilima. Ukanda wetu wa vihamba hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Tuchukue 1,000 tu, na tuseme moja ya tano inapotea. Bado anabaki na lita 144,000 kila mwaka. Nyumbani kwake wako watu sita. Kwa lita 20 kila mmoja kwa siku, simtanki mbili za lita 5,000 zinawatosha siku 83 bila tone la mvua wala la bomba. Kiangazi cha Julai mpaka Septemba kinakaribia kwisha hapo.

Baba mdogo aliangalia karatasi, akaangalia paa. "Ungeniambia kabla sijaezeka," akasema.

Fundi naye alikuwa na lake. Nilipomwuliza maji ya jikoni yanakwenda wapi, alinionyesha kwa fahari: jiko, bafu na choo, vyote bomba moja mpaka shimoni. "Bosi, nyumba ya kisasa haimwagi maji nje."

Sikumlaumu, ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo wateja wanavyotaka. Ila mambo haya yana kanuni zake na si magumu. Maji ya choo yabaki peke yake, hayo hayana mjadala. Maji ya jiko na bafu yanaweza kwenda kwenye migomba, mradi yasilazwe siku nzima yakaoza, yasiwe na dawa kali za kusafishia, na yasimwagiwe mboga zinazoliwa mbichi. Maji ya paa nayo, zile dakika za kwanza za mvua baada ya kiangazi yaachwe yapite, maana yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tenki lifunikwe na kuwekewa wavu, mbu wasizalie humo. Ya kunywa yachemshwe. Kwa ndugu zetu wa chini tambarare na upande wa Meru, ambako maji ya visima vingi yana floridi inayobadilisha meno ya watoto kuwa ya kahawia, mvua ina faida nyingine: karibu haina floridi kabisa.

Na tusidhani tuko peke yetu. Visiwa vya Lamu na Pate wana majabia, matangi ya kale ya kukusanyia mvua, kwa kuwa visima vyao vingi vina chumvi. Bermuda, katikati ya Atlantiki, sheria inadai nyumba ikusanye mvua ya paa lake kwenye tangi. Pale paa si urembo, ni chanzo cha maji.

Mwisho wake? Ushindi nusu. Baba mdogo alikubali kutoa kifusi, akaweka kalavati mbili za zege juu ya mfongo ili gari lipite na maji yapite. Mfongo wenyewe hauna maji ya mto tena, ila maji ya mvua yanayotoka barabarani yameshaikumbuka njia, na jirani amepumzika. Tundu moja la paa limeunganishwa na simtanki moja. La pili linasubiri fedha, ambazo nimeahidi kuchangia, na sasa nimeandika hapa sina pa kukimbilia. Bomba la choo na bafu tulishindwa kulitenganisha, limeshapita chini ya sakafu. La jikoni lilikuwa bado liko nje ya ukuta, fundi akalikata na kulielekeza kwenye migomba, huku akitikisa kichwa.

Juzi nilipiga simu kuuliza hali ya kiangazi. Mdogo wangu akasema bomba limekata tena tangu Jumapili, lakini tenki halijafika nusu, na yeye hajaenda mtoni. Bibi ananung'unika kwamba chai ya maji ya plastiki haina ladha kama ya pipa lake. Anakunywa vikombe viwili.

Na kule lilikotokezea bomba la jikoni, bila kumwuliza mtu, ameshapanda magimbi.

Haya, wadau. Kwenu maji ya kuoshea vyombo yanakwenda wapi? Kabla hujanijibu, toka nje kwanza ukaangalie.